Kakima Kakakamata Kakuku

Nesi alikuwa msichana mwenye haraka na moyo mzuri, na alipomsikia kaka yangu akisema "ka… ka… ka…" alikimbia akaleta beseni ya choo. Msimlaumu. Huku kwetu kila mtoto aliyegusa shule anajua kwamba "kaka" ni haja kubwa kwa Kifaransa, na mzee aliyepooza upande mmoja amelala anasema ka, ka, nesi afikiri nini kingine? Binti ya kaka yangu akasema hapana, Papa anaomba kawa, kahawa yake, tangu zamani hajui asubuhi bila kawa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa akasema, "Huyu muzee iko anaita kaka yake. Mumutafute." Basi beseni ikaletwa, kawa ikaletwa, na mtu mmoja akataka kutumwa barabarani kumtafuta kaka ambaye mama yetu hakuwahi kumzaa, maana sisi tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mpaka binti yake akanishika mkono: "Shangazi, mutoke kwanza inje, watu wanatuangalia."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi uani. Mwanamke mmoja aliyekuja kumlinda mgonjwa wake alikuwa amekuja na kuku na vifaranga vyake ndani ya kitunga, sijui alimwogopa nani huko nyumbani. Nikasikia ile harufu ya vifaranga, harufu ya vumbi la moto na pumba za mahindi. Kicheko kikaisha palepale. Ninyi mliozaliwa wakati wangu, wakati wa kapita, msimamizi wa kijiji, na kofia yake, mtanielewa nikisema kwamba harufu hiyo ilinirudisha miaka mingi nyuma, nikawa nimesimama tena mbele ya watu, kinywa wazi, hakuna kitu kinachotoka.

Tulikaa kando ya barabara, si mbali na Kashebere, pale milima ya Masisi inaposhuka na pori la Walikale linapoanza. Mawese yalipanda kutoka pori, maharagwe yalishuka kutoka milima, na sisi tulikuwa katikati tukiangalia watu wakipita na mizigo. Papa alikuwa mkulima na mtu wa sala, mama vilevile. Kaka alinipita miaka saba au nane. Mimi nilikuwa na kigugumizi.

Wengine wakisikia kigugumizi wanafikiri ni kule kurudia-rudia kidogo halafu mtu anaendelea na safari yake. Changu kilikuwa kufuli. Neno lilikuja vizuri tangu tumboni, likafika kwenye meno, na mlango ukafungwa. Herufi zote zilinisumbua, lakini K ilikuwa adui yangu. Kila ikinikwamisha, kichwa nacho kilianza kazi yake, kinainama, kinainuka, kinainama, kama cha mbuzi anayekula. Sikukituma. Kilijiendea chenyewe. Watoto wa jirani waliniita Mashini, kwa sababu ya ile mashini ya fundi wa nguo pale sokoni, ta-ta-ta-ta-ta.

Na watu wazima, Mungu awarehemu, walinimalizia maneno. Mpaka leo mtu anayenimalizia sentensi simpendi, hata awe padri. Nilitaka kisu, nikaanza "ki, ki", wakanipa kikombe cha maji. Nikaona aibu kukataa, nikanywa. Nimekunywa maji mengi sana utotoni kwa kutaka kisu. Siku moja nilimsikia mama akimwambia jirani, "Huyu mutoto, iko kitu inamukamata mu shingo." Mama alikuwa anasema tu kama watu wanavyosema. Mimi nikaelewa vile alivyotamka: ndani ya shingo yangu kunaishi kitu, kanyama kadogo kenye mikono, na kila neno likipita kanalikamata kwa mkia. Nikaanza kukapa chakula. Kabla ya kwenda misa nilimeza karanga mbili tatu bila kutafuna ili kashibe, kaniache niseme Baba Yetu na wenzangu. Hakakushiba.

Mvua ikinyesha mchana, na kwetu ilinyesha kila mchana iliotaka, watoto wote wa pale walijaa jikoni mwa mama kupukuchua maharagwe. Huko ndiko kulikuwa na mchezo. Kaka alikuwa mfalme wake. Alichukua wanyama wawili watatu, akawafunga pamoja katika maneno, na wewe ulitakiwa kusema haraka mara tatu bila kuanguka. "Nyati alinyang'anya nyani nyanya, nyani akanyang'anya nyati nyasi." Jaribu. Jaribu mara tatu ukiwa na njaa. Aliyeanguka alipakwa masizi ya chungu kwenye paji la uso. Kazi yangu mimi ilikuwa masizi. Kwa vile sikuweza kucheza, nilipewa chungu nikae nacho miguuni, na kila aliyekosea alikuja kuinamisha uso mbele yangu. Niliipenda kazi hiyo na niliichukia. Nilikuwa mtoto pekee mwenye uso safi katika jiko lile, na watu walifikiri nimebahatika.

Mwaka wa vifaranga vile kaka alikuwa amemaliza madarasa ya kijijini, na mwalimu wake alikuwa ameandika barua kwa mapadri wa Masisi. Jibu lilikuja: wanachukua wavulana watatu wa upande wetu, kamyo, lori la misioni, itapita Jumamosi, siku ya posho, asubuhi kuwabeba. Angesoma huko mpaka awe mwalimu. Mama alikuwa ameshona mfuko wa blanketi. Papa alikuwa ametengeneza sanduku la mbao lenye kitasa, na kila jioni alilifungua na kulifunga ili tusikie kinavyolia.

Sasa kuhusu vifaranga. Agronomu, yule muzungu aliyesimamia mashamba, alikuwa amempa kapita wetu kuku mmoja wa kizungu, mweupe wote, ili azae, kijiji kipate kuku wakubwa. Kapita alimtunza kuku yule kuliko bibi yake. Kuku alipoangua vifaranga saba, kapita alizunguka nyumba kwa nyumba kutangaza. Agronomu atarudi, atavihesabu, ole wao kipanga akivigusa! Akatafuta mtoto wa kuvilinda, mtoto asiyependa maneno, asiyeacha kazi akaenda kupiga hadithi na wenzake. Mnaona alivyonifikia. Nilipewa mwanzi mrefu na kikapu cha pumba, nikakaa uani kwake kutoka asubuhi, macho mbinguni, nikingoja kipanga.

Kipanga hakuja. Siku ya tatu ya kulinda, zikiwa zimebaki siku tatu kufika posho, mahindi nyuma ya nyumba yalitikisika, nikaona mkono. Mkono mdogo mweusi, wenye kucha kama za mtoto. Kisha uso. Kakima, kima mdogo, labda kamepotezana na wenzake. Kakatembea mpaka katikati ya ua kama mtu aliyeitwa, kakainua kifaranga kimoja, kakakiangalia, kakaniangalia mimi.

Nilitakiwa kupiga kelele tu. Kelele yoyote! Lakini mimi, sijui kwa nini, nilitaka kusema jina lake. Kakima! Nikafungua kinywa na ile K ikanikamata shingo, pumzi ikasimama, hata kulia sikuweza. Mwanzi ulikuwa mkononi na mkono nao ulikuwa umesimama. Kakima kakangoja kidogo, kakaona huyu hana neno, kakaenda na kifaranga chake kuingia mahindi. Nami nikajua kwa hakika, kama ninavyojua jina langu, kwamba ni kale kangu. Kametoka shingoni mwangu. Kalichoka na karanga.

Kapita alihesabu vifaranga saa sita mchana. Sita tu! Akapiga kelele ambayo mimi nilishindwa kuipiga, watu wakaja mbio, papa na jembe lake, mama na unga mikononi. Wakanizunguka.

"Nani alibeba kakuku yangu?" kapita akaniuliza. "Sema, mutoto. Ulikuwa fasi hii hii. Nani?"

"Ka," nikasema. "Ka… ka… ka…"

"Ehe?"

"Ka… ka…"

"Kaka?" akasema kapita. "Kaka yako?"

Na kichwa changu, kichwa hiki mnachokiona, kikaanza kazi yake. Kinainama, kinainuka, kinainama. Nilikuwa napigana na neno kwa nguvu zangu zote, na watu wote wakaona mtoto anakubali. Mama akasema, "Yooo, Mama weee." Na wakati huohuo kaka akatokea kwenye njia ya mashamba na mfuko begani, akinuka nyama ya kuchoma. Alikuwa ametega panya wa shamba, akawachoma hukohuko kama wavulana wote walivyofanya. Hakuna aliyefungua mfuko kuangalia mifupa ni ya nini.

Kaka akasema, "Haiko mimi. Papa, haiko mimi. Mumuulize vizuri."

Papa akanigeukia. Papa alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililotuua. Akasema polepole, mbele ya watu wote: "Huyu mutoto hajasemaka bongo wala uwongo ata siku moja. Ata kweli yenyewe anaisema kwa shida." Akaweka jembe chini. Kapita akamshika kaka mkono.

Walimfungia ndani ya depo ya kapita, kibanda cha mbao cha kuwekea majembe ya kazi ya barabara. Kapita alisema atakaa humo mpaka Agronomu afike asikie kwa masikio yake nani alimwibia. Na kamyo ya posho? "Misioni haitaki mwizi," akasema kapita, akaweka ufunguo kwenye mfuko wa koti. Nyumbani sanduku likabaki kwenye meza, hakuna aliyelifungua jioni ile.

Kesho yake mama alinituma kumpelekea kaka viazi vitamu. Nilifikiri atanitukana. Mbao za depo zilikuwa na nafasi kati yake, nikapitisha kiazi kimoja kimoja, nikaona vidole vyake, kisha jicho lake.

"Juu ya nini ulisema mimi?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ka…" nikaanza. "Ka… ka…"

Akangoja. Kaka peke yake katika kijiji chote alijua kungoja. Alingoja mpaka nikachoka mwenyewe nikaanza kulia, halafu akasema, "Acha. Mimi nitasema, weye piga tu mbao. Iko kitu inaanza na ka?" Nikapiga mbao. "Muntu?" Sikupiga. "Nyama?" Nikapiga mpaka mkono ukaniuma. Basi akaanza kuwaita wanyama wote wa Mungu, mmoja mmoja, akiwafanya wadogo: "Kambwa? Kapaka? Kanyoka? Kapanya? Kandege?" Akasogeza jicho kwenye nafasi ya mbao. Akasema, "Kakima?"

Nilipiga mbao kwa mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye mbao na nilimsikia akitafuna kiazi. Ndipo nilipoona kitu ambacho kingenitesa baadaye: neno lile hakulisikia kinywani mwangu. Alilitoa yeye mwenyewe, mimi nikapiga mbao tu. Mtoto yeyote aliyemsingizia kaka yake, akitupiwa kamba namna hiyo, angepiga mbao vilevile.

Lakini alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa ile ya jikoni, ya siku za mvua. "Sikia," akasema. "Weye unaogopa ka. Unafika pale unasimama, unagonga, unaomba ruhusa. Usigonge. Ingia mu ndani. Ka moja ikikukamata, umupe zingine mingi mpaka achoke." Na palepale, kati ya majembe, bila taa, akaanza kufunga: "Kakima kakakamata kakuku ka kapita." Akacheka peke yake. Kisha akaongeza, "Kapita akakamata kaka."

Kakima kakakamata kakuku ka kapita, kapita akakamata kaka.

"Uhesabu ka," akasema. Nilihesabu kwa vidole, vikaisha. "Zinafika kumi na mbili," akasema. "Sawa na mitume."

Siku mbili tulifanya kazi. Mama alishangaa mtoto anavyopenda kupeleka viazi. Kaka alipiga mbao kwa kidole kutoka ndani, mimi nikasema kutoka nje, na nikikwama hakunimalizia, alirudi mwanzo kupiga. Na ajabu ni hii. Katika maneno yale kigugumizi hakikuwa kosa. Maneno yenyewe yalikuwa yanagugumia! Nikirudia ka mara moja zaidi, nani atajua? Mchana wa siku ya pili nilisema yote mpaka mwisho, bila kusimama, nikasema tena, nikasema tena. Nilihisi shingo yangu ni tupu, ina upepo ndani. Nikaweka kinywa kwenye nafasi ya mbao nikamsemea kaka usoni.

"Njo hivyo! Hivyohivyo!" akasema. "Sasa kesho, mbele ya kamyo kuondoka, umuendee kapita. Umusemee vile vile. Atasikia."

Na mimi niliamini. Hilo ndilo nataka mjue. Niliamini kwamba maneno yale ni ufunguo, na kwamba nikiyasema bila kukosea mlango utafunguka wenyewe. Sikulala vizuri kwa furaha.

Siku ya posho kamyo ilifika na ukungu. Watu wote walikuwa barabarani. Wavulana wale wawili wengine walikuwa wameshapanda, wamekalia masanduku yao, nywele zimenyolewa. Papa hakuja. Mama alikuwepo na mfuko wa blanketi kifuani, amekuja nao tu, hajui kwa nini. Kapita alikuwa anasema na shofere, dereva wa kamyo. Nikapita kati ya miguu ya watu, nikavuta koti lake, pale kwenye mfuko wenye ufunguo. Akaangalia chini.

"Kakima kakakamata kakuku ka kapita," nikasema, "kapita akakamata kaka."

Yote! Ka kumi na mbili zote, mbele ya kijiji kizima! Sauti yangu ilitoka kubwa, sikuijua. Nikaona mama ameweka mkono kinywani. Nikamwangalia kapita nikingoja atie mkono mfukoni.

Halafu shofere akacheka. "Eee! Rudilia, kadada!" Nikarudia, nikifikiri labda hakusikia vizuri. Watoto wakaanza kujaribu. Mmoja akaanguka kwenye kakakamata, mwingine kwenye kakuku, wakasukumana. Mama wenye ndizi wakajaribu wakaanguka, wakashikana mabega kwa kicheko. Wavulana juu ya kamyo wakajaribu. Kila mtu alisahau depo. Mtu akasema, "Kapita naye! Kapita ajaribu!" Na kapita, kwa vile watu wote walimwangalia, akajaribu. "Kakima kakaka… kakima kakaku… kaka…" Barabara nzima ikapasuka. Shofere aliegemea mlango wa kamyo akifuta macho.

Kapita hakucheka. Alikuwa amegugumia mbele ya watu wake, na mimi katika wote ndiye niliyejua anavyojisikia.

"Nani alimufundisha huyu mutoto kunichekelea?" akauliza.

Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa ndani ya depo. Mama akaanza kusema, "Papa kapita, mutoto anasema iko kakima njo…" lakini kapita akainua mkono. "Ni michezo," akasema. "Niliuliza nani, akaniambia kaka. Mulimusikia wote. Leo anacheza." Akampigia shofere bati la kamyo mara mbili. Kamyo ikaondoka na wavulana wawili, na mpaka ilipokata kona tuliwasikia huko juu wakijaribu, wakianguka, wakicheka. Kakima kakakamata. Kakima kakakamata.

Nilipokwama waliniamini. Niliposema sawa walicheka. Nimeishi miaka mingi na sijaona jambo linaloniuma kuliko hilo, na nimeona mengi, huku kwetu hatujakosa. Nilirudi nyuma ya depo nikakaa chini na mgongo kwenye mbao. Kaka alikuwa amesikia kila kitu, kicheko chote na kamyo yote.

Agronomu alipita siku ya nne baada ya kamyo. Hakushuka kwenye gari. Aliuliza habari ya muhogo wa barabarani, akaandika kitu, akaenda. Kuku mweupe alikuwa pale anachakura mchanga na watoto wake sita, na muzungu hakuwaangalia. Kapita alibaki amesimama na kofia mkononi. Jioni ile alifungua depo, akaenda zake.

Kaka alitoka akifumba macho kwa sababu ya mwanga. Alikuja moja kwa moja jikoni, watoto wapo, mvua ipo, maharagwe yapo. Akakaa. Akasema, "Kakima kakakamata kakuku ka kapita, kapita akakamata…" na hapo akaanguka. "Kapa," akasema. "Kakapa." Yeye, mfalme! Watoto wakapiga makofi. Akanisogelea, akainamisha uso mbele yangu. Nikatia kidole kwenye chungu nikampaka masizi. Sikuweza kujua kama ameanguka kweli au ameanguka kwa ajili yangu. Alikuwa amefumba macho.

Mwaka uliofuata misioni ilichukua wengine, wadogo zaidi. Kaka alilima, halafu akafanya biashara ya njia, mawese kupanda, maharagwe kushuka, maisha yake yote juu ya barabara ile. Sanduku la papa lilikuja kuwa langu. Masista walifungua darasa la wasichana, nikaenda, nikawa mwalimu mimi, wa darasa la kwanza. Ka, ke, ki, ko, ku, miaka na miaka, ubaoni. Kigugumizi kiliniacha polepole, kama mgeni anayekwenda bila kuaga. Mchezo wa kaka nao ulishuka na kupanda barabara bila sisi. Nimeusikia Mweso, nimeusikia Kirolirwe kwa watoto wanaochunga ng'ombe, na huko hawasemi tena kapita, hawajui ni nani. Wanasema kakuku ka kaka.

Kila nilipokwenda kumwona, alinisalimia nao kutoka mlangoni, nami nikamalizia. Watu walifikiri ni utani wa wazee. Lakini kitu kimoja hatukukisema. Sikumwuliza kamwe: Kaka, uliniamini? Au ulinihurumia tu, ukamtafutia mtoto mnyama wa kusingizia ili asife na aibu? Nilikuwa na kinywa kizima, kinywa cha mwalimu, na swali hilo halikupita. Yeye naye hakunisaidia. Maneno yangu hakuwahi kunimalizia.

Niliinuka kwenye benchi nikarudi ndani. Beseni ilikuwa chini ya kitanda, kawa imepoa mezani. Wote walikuwa wamemwinamia. "Ka," alisema. "Ka… ka…" Jasho lilikuwa limemtoka, na kichwa chake juu ya mto kilikuwa kinainama, kinainuka, kinainama.

"Muzee anakubali," nesi akasema. "Iko kaka kweli."

"Hakubali kitu," nikasema. "Mukae. Wote mukae chini, munyamaze."

"Lakini Shangazi, anataka nini?"

"Anasema. Mungoje."

Nikavuta kiti, nikamshika mkono ule ulio mzima. Nilijua maneno yake yanapoelekea, ka zote kumi na mbili zilikuwa zimejaa kinywani mwangu, na sikutoa hata moja. Nikaanza kupiga ubao wa kitanda kwa kidole, polepole. Akikwama, narudi mwanzo. Jua lilitoka dirishani likafika ukutani. Binti yake alitaka kusema, nikamwangalia akaacha. Kaka yangu alinikazia macho, akavuta pumzi kutoka mbali.

"Kakima," akasema.

Hakuendelea. Hakutaka kuendelea, niliona. Si kuku, si kapita. Alikuwa amemaliza, amenijibu.

"Njo hivyo, Kaka," nikamwambia. "Ilikuwa kakima."